Springi za mabamba kwa maweni na tope: kuunda, kufunga na kujaribu nyumbani Pemba

Gari nyingi zinazoinuliwa huku visiwani huinuliwa kwa njia ya mkato. Bamba la lori linasokomezwa chini ya springi, shekeli ndefu (vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi) zinafungwa, gari inasimama juu, na mwenyewe anaridhika mpaka siku atakapoingia maweni ya Micheweni. Hapo gurudumu moja linabaki hewani likizunguka bure, na abiria wa nyuma wanapiga vichwa kwenye bati. Gari imekuwa ndefu na ngumu, na ilichohitaji ni kunesa. Jiwe likija gurudumu lipande, shimo likija lishuke, na yote manne yaendelee kushika ardhi. Urefu unakuja baada ya hayo.

Maelezo haya ni ya jipu ndogo zenye ekseli nzima na springi za mabamba mbele na nyuma, kama Suzuki za SJ na Samurai, ambazo umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 2030. Jimny zilizotoka kuanzia 1998 zina springi za koili; mwenye hiyo atafaidika na sehemu za shokapu na majaribio tu. Hesabu zote hapa zinatumia springi moja ya mfano, ya nyuma: mita 1 kutoka jicho hadi jicho (matundu ya ncha zake mbili), upana milimita 50, mabamba 4 yenye unene wa milimita 6. Usizichukue namba hizi ukazifunga kwenye gari yako. Pima ya kwako, kisha fuata njia ile ile ya hesabu.

Zungumza pia na mkaguzi wa magari na watu wa bima yako kabla hujabadilisha chochote. Gari iliyobadilishwa bila wao kujua inaweza kukuletea shida siku ya ajali, hata kama kazi yenyewe imefanywa vizuri.

Kupima kabla ya kulegeza nati yoyote

Tafuta sakafu ya zege iliyonyooka na uihakikishe kwa pima maji. Jaza tangi la mafuta, weka tairi la akiba na jeki mahali pake, na upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto. Sukuma gari mbele na nyuma mita mbili tatu ili springi zikae, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati la juu, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, kwa sababu hapo unapima na upepo wa tairi.

Mabamba yana msuguano kati yao, kwa hiyo kipimo kimoja kinadanganya. Kandamiza pembe ya gari kwa uzito wako, iachie ipande taratibu, pima. Kisha inyanyue kwa mikono, iachie ishuke taratibu, pima tena. Chukua kati ya namba mbili hizo. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 15, mabamba yako yameshikana kwa kutu, na ugumu unaoulalamikia huenda ni wa kutu zaidi kuliko wa chuma.

Uzito wa kila gurudumu unapatikana kwa mizani ya jukwaa, ile inayopimia magunia ya karafuu au mwani. Magurudumu mengine matatu lazima yainuliwe kwa mbao zenye kimo sawasawa na mizani, ama sivyo gari inalalia upande na namba inaharibika. Tuseme gurudumu la nyuma limetoa kilo 240. Toa uzito usiobebwa na springi, yaani tairi, nusu ya ekseli na breki, ambao kwa jipu ndogo tunauhesabu kilo 60 hivi. Springi inabeba kilo 180.

Hesabu ya ugumu

Ugumu wa springi ni nguvu inayohitajika kuikandamiza milimita moja. Kwa springi ya mabamba hesabu ni hii: 8 mara 200,000 (ugumu wa chuma chenyewe, kwa nyutoni na milimita) mara idadi ya mabamba, mara upana, mara unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kisha gawa kwa 3 mara urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Springi yetu ya mabamba manne inatoa nyutoni 23 kwa milimita. Uzito wa kilo 180 ni nyutoni 1766, kwa hiyo gari inaikandamiza milimita 77 ikiwa imesimama tu.

Unene na urefu ndio wenye nguvu katika hesabu hii. Bamba la milimita 7 badala ya 6 linaonekana tofauti ndogo, lakini ni gumu zaidi kwa asilimia 59. Springi iliyo ndefu kwa asilimia 10 inalainika kwa robo nzima. Ndiyo maana bamba moja la lori linaweza kuharibu springi yote: lilivyo nene, linabeba karibu kila kitu peke yake na wenzake wanakaa kumsindikiza.

Sasa toa bamba moja, yabaki matatu. Ugumu unashuka hadi 17.3, gari inaikandamiza milimita 102, na mdundo wake, yaani kupanda na kushuka juu ya springi, unakuwa mara 1.56 kwa sekunde badala ya 1.8. Kwa njia za mawe, 1.3 hadi 1.6 ni pazuri. Chini ya hapo gari inayumba kama ngalawa kwenye kona.

Ila jiulize gari inabeba nini. Ukipakia kilo 200 za karafuu nyuma, kila springi inaongezewa kilo 100, na springi ya mabamba matatu itanepa milimita 57. Kwa gari ya namna hiyo usirudishe bamba la nne kama lilivyokuwa. Weka chini kabisa bamba fupi lililonyooka, ambalo ncha zake haziwagusi wenzake mpaka springi iwe imeshuka milimita 40 hivi. Gari tupu itanesa, gari yenye mzigo itapata wa kuisaidia.

Hakikisha hesabu yako kwa maji. Weka madumu 10 ya lita 20 juu ya mstari wa ekseli ya nyuma, si karibu na mlango wa nyuma. Maji na madumu yenyewe ni kama kilo 210, yaani kilo 105 kila upande. Springi ya 23 itashuka milimita 45, ya 17.3 itashuka 60. Ukipata pungufu sana, kuna bamba lililoshika au bushi iliyokwama.

Kuna hesabu ya pili ambayo mafundi wengi huiruka: ni kiasi gani bamba linaweza kupindwa kabla ya kuchoka. Mkazo ndani ya chuma ni 4 mara 200,000 mara unene mara milimita zilizokandamizwa, gawa kwa urefu mara urefu. Tazama kwamba idadi ya mabamba haimo. Bamba nene linafikia kikomo mapema, bamba jembamba linavumilia kupindwa zaidi. Kwa mabamba kuukuu hatupitishi nyutoni 850 kwa milimita mraba. Bamba la milimita 6 katika springi ya mita 1 linafika hapo kwenye milimita 177. Gari imeshatumia 102 kwa kusimama tu, zimebaki 75, basi mpira wa kuzuia ufungwe pahala ambapo ekseli haiwezi kupanda zaidi ya 75. Bamba la milimita 7 linaishia 152. Anayeacha nafasi ya 100 kwa sababu inaonekana inatosha ndiye anayerudi kila miezi mitatu kutafuta bamba jengine.

Kuchagua mabamba

Utayapata kwenye chakavu, na mengi ni mazuri kuliko mapya ya bei rahisi. Chukua jozi zilizotoka gari moja. Pima unene kwa kalipa sehemu tatu: katikati, na sentimita 15 kutoka kila ncha. Bamba lililoliwa na kutu zaidi ya nusu milimita liache.

Nyufa huonekana kwa mafuta ya taa na chokaa. Sugua bamba kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, lipake mafuta ya taa na uliache nusu saa. Lifute likauke kabisa, kisha lipake chokaa iliyokorogwa nyepesi kwa spiriti. Baada ya dakika kumi, ufa hujichora wenyewe kama uzi mweusi, kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kulowesha chokaa. Angalia zaidi kuzunguka tundu la katikati na pale palipokuwa na bana (chuma kinachoyafunga mabamba pamoja). Bamba lenye ufa halitengenezeki.

Usilichomelee bamba, wala usilikate kwa moto wa gesi, wala usilipashe moto ili kulikunja. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha kwenye tanuri la mkaa bila kipimo kinakuwa laini kama waya, au kinakatika kama kigae. Kukata kunafanywa kwa grenda, taratibu, huku ukimwagia maji. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, sehemu hiyo imeshaharibika na lazima ikatwe. Tundu la katikati ni gumu kwa kekee ya kawaida, basi tafuta bamba lenye tundu linalolingana na senta bolti yako (inayopita katikati ya mabamba yote) tangu mwanzo.

Ncha za mabamba mafupi zikate zichongoke, kisha sugua ukingo wa chini uwe wa mviringo. Ncha ya mraba yenye makali huchimba bamba la juu yake, na bamba hukatikia kwenye kile kichimbo.

Tao

Bamba la chini linatakiwa liwe na tao kubwa kidogo kuliko la juu yake. Ukiyapanga bila bolti, ncha zigusane na katikati ibaki nafasi ya milimita 5 hadi 8. Senta bolti ikikazwa nafasi inafungika na mabamba yanashikana kwa nguvu ncha kwa ncha. Nafasi ikiwa sifuri, ncha zitaachana na mchanga utaingia. Ikizidi sana, mabamba yanabebeshwa mkazo hata gari haijawekwa chini.

Sasa tupange kimo. Tunataka gari ipande milimita 40. Kwa kulainisha springi tumeshapoteza 25, ambayo ni tofauti ya 77 na 102. Jumla tunadaiwa 65. Shekeli iliyo ndefu zaidi kwa milimita 40 inalipa 20 tu, kwa sababu ekseli ipo katikati ya springi na inapata nusu ya kilichoongezwa mwishoni. Zilizobaki 45 zitoke kwenye tao. Usijaribu kulipa deni lote kwa shekeli, sababu yake utaiona kwenye pembe ya difu.

Kuongeza tao hufanywa kwa baridi. Mhunzi anaweka bamba juu ya vyuma viwili vilivyoachana sentimita 10, anapiga katikati kwa nyundo upande wa ndani wa tao, anasogeza sentimita 3, anapiga tena, kutoka katikati kwenda kila ncha. Presi ya haidroliki ni bora zaidi kama ipo. Chora umbo unalolitaka sakafuni kwa chaki na uwe unalilaza bamba juu yake kila baada ya mzunguko mmoja. Mabamba ya kulia na ya kushoto yasitofautiane zaidi ya milimita 3, ama gari italala upande na utahangaika kutafuta kosa kwenye bushi.

Jambo moja la kuangalia: tao likiongezeka, macho yanakaribiana. Springi ya mita 1 yenye tao la milimita 120 imejikunja kama milimita 38. Ikifika 165 imejikunja zaidi ya 70. Gari ikining'inia, shekeli inavutwa ndani na inaweza kugonga chesisi au kupinduka kabisa. Ikipinduka, springi inajifunga na gurudumu halirudi. Gari ikiwa imesimama, shekeli iwe imeegemea nje kwa digrii 15 hadi 30.

Kukusanya na kufunga

Piga mabamba rangi ya kuzuia kutu pande zote na uyaache yakauke. Grisi ya grafaiti paka kwenye ncha tu, sentimita 5 za mwisho. Grisi ikijaa bamba zima, vumbi la maweni litaigeuza msasa.

Senta bolti iwe mpya. Kazi yake ni kuweka springi mahali pake juu ya ekseli. Haibebi gari, na ikibebeshwa inakatika. Wanaobeba ni yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa mkazo wao. Ndiyo maana senta bolti iliyokatika karibu kila mara ina maana kwamba yubolti zililegea kwanza.

Yubolti nazo ziwe mpya, zilizokwishakazwa zimevutika. Kama kitabu cha gari hakipo, bolti ya milimita 10 ya daraja la 8.8 hukazwa nyutoni mita 45 hivi, ya milimita 12 hukazwa 80. Asiye na spana ya torki atumie dumu: ning'iniza dumu kwenye spana iliyolala usawa, nusu mita kutoka katikati ya nati. Dumu lenye jumla ya kilo 9 linatoa 45, lenye kilo 16 linatoa 80. Kaza kwa mkingamo, kidogo kidogo, nyuzi ziwe safi.

Bana za mabamba zirudishwe zote. Gurudumu likishuka shimoni, ndizo zinazoyafanya mabamba yote yabebe ekseli. Bila yao bamba la juu linabeba peke yake. Bolti za macho na shekeli ziache zimelegea mpaka gari iwe chini kwa magurudumu yake, ndipo uzikaze. Ukizikaza gari ikiwa inaning'inia, bushi za mpira zinabaki zimesokotwa siku zote na zinapasuka ndani ya miezi. Na kwa kazi ya mawe, mpira ni bora kuliko plastiki ngumu, kwa kuwa unakubali kusokotwa.

Gari iliyonyanyuliwa iegemee vigingi vya chuma au vitalu vya mti mgumu vilivyopangwa kwa mkingamo. Tofali la saruji, hata lililo jipya, hupasuka ghafla bila kutoa mlio wa onyo. Usiingie chini ya gari iliyo juu yake, hata kwa dakika moja.

Jaribio la bamba moja

Hili ndilo jaribio lenye faida kubwa kuliko yote, na halihitaji kuwasha injini. Chesisi ikiwa juu ya vigingi, funga bamba la juu peke yake upande wa kulia na kushoto, bila mengine na bila shokapu. Kwa kuwa ni laini, jeki ndogo inaweza kuipeleka ekseli kokote. Panda mpaka kikomo cha 75, shuka mpaka inaning'inia. Kisha upande mmoja juu na mwengine chini, na kinyume chake. Mbele, rudia yote usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande.

Mpira wa breki uwe na ulegevu wa milimita 25 pale ekseli inaponing'inia na usukani umekatwa. Ukivutika, tafuta mrefu zaidi. Kuusogeza mshikio wake kwa kulikunja bomba ni kualika ufa. Gari yenye vali ya breki ya nyuma inayosoma kimo cha ekseli inataka mshikio wa fimbo ya vali, ule ulio kwenye ekseli, upandishwe kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Usipofanya hivyo, vali itadhani gari ni tupu siku zote na breki za nyuma zitakuwa dhaifu.

Weka alama ya rangi kwenye splaini (meno yanayoteleza) za propela gari ikiwa kimo cha kawaida. Ekseli ikining'inia, alama isitoke nje zaidi ya milimita 25. Tazama pia joindi za propela kama yoki (mikono ya joindi) zinagusana.

Pembe ya difu ipime kwa timazi na rula. Laza rula ya mita moja kwenye uso wa flenji (sahani inapofungwa propela), acha timazi ining'inie kutoka ncha ya juu, pima umbali wa uzi kutoka ncha ya chini: kila milimita 17.5 ni digrii moja. Flenji ya difu na ile ya gia boksi zinatakiwa ziwe sambamba, zisipishane zaidi ya digrii moja. Shekeli ndefu ya nyuma, iliyo upande wa nyuma wa springi, huinua pua ya difu. Mbele, penye shekeli zilizo mbele ya springi, ekseli inazungushwa ili juu yake iende mbele. Usukani unapoteza hamu ya kurudi wenyewe na gari inatangatanga barabarani. Dawa ni kabari ya chuma ya digrii 2 hadi 4 kati ya springi na kiti chake. Iwe ya chuma hasa, kwa sababu ya aluminiamu huvunjika ikatoka na yubolti zikalegea papo hapo.

Shokapu

Pima umbali wa mshikio hadi mshikio mara mbili: ekseli ikiwa kwenye kikomo cha juu, na ikiwa inaning'inia. Tuseme umepata milimita 350 na 530. Shokapu unayoitafuta iwe na urefu wa 335 au pungufu ikifungwa kabisa, na 540 au zaidi ikifunguka kabisa. Shokapu isiwe yenyewe ndiyo ya kuizuia ekseli, juu wala chini. Ikifika mwisho kabla ya mpira wa kuzuia, inapasuka sili au inang'oa mshikio wake.

Usiilaze sana ili ienee. Ikilala digrii 30 kutoka wima, nguvu yake kwenye gurudumu inabaki robo tatu. Kwa digrii 45 inabaki nusu. Hapo unalaumu shokapu wakati kosa ni la mshikio.

Ukilazimika kuchomelea mshikio mpya, tenganisha betri na altaneta, ondoa mabomba ya mafuta yaliyo karibu. Chuma cha milimita 5 usikichomelee moja kwa moja kwenye chesisi nyembamba. Weka kwanza bamba la kuimarisha lililokatwa umbo la almasi, kwani mstari wa kuchomelea unaokata chesisi wima ndipo ufa unapoanzia. Fimbo za 6013 za milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90 zinatosha. Wakati wa masika zikaushe kabla ya kazi, maana fimbo yenye unyevu inaacha vitundu ndani ya mshono ambavyo rangi huvificha.

Kujaribu

Rudisha mabamba yote, rudia vipimo vya kimo na jaribio la madumu. Kabla ya kufunga shokapu, pima mdundo. Watu wawili wasimame nyuma, wasukume gari chini na kuiachia kwa mdundo wake wenyewe, wa tatu ahesabu. Midundo 20 ndani ya sekunde 13 ni mara 1.54 kwa sekunde, karibu kabisa na hesabu yetu. Sekunde 10 zina maana springi ni ngumu kuliko ulivyodhani. Funga shokapu, sukuma mara moja na uachie: gari ipande, ishuke, itulie. Ikiendelea mara tatu nne, shokapu ni dhaifu.

Jaribio la kunyumbuka linataka njia ya kupandia yenye mwinuko wa digrii 20. Kwa mbao za mita 2, ncha ya juu iwe sentimita 68 kutoka chini, iegemezwe kwa vitalu imara kila nusu mita. Panda na gurudumu moja la mbele, mwendo wa kutambaa, mpaka gurudumu lolote lianze kuachana na ardhi, kisha simama. Pima umbali uliopanda juu ya mbao, gawa kwa umbali wa ekseli, zidisha kwa 1000. Mita 1.015 kwa gari ya 2030 ni alama 500. Pima kabla na baada ya kazi. Tofauti ya namba zako mwenyewe ndiyo yenye maana. Dereva afunge mkanda, na asisimame mtu upande ambao gari inaweza kulalia.

Barabarani anza na uwanja mtupu. Breki kutoka kilomita 20, kisha 40 kwa saa, mikono ikishika usukani kwa wepesi: gari ikivuta upande, rudi ukapime umbali wa ekseli kulia na kushoto. Baada ya hapo lami, kusikiliza mtikisiko wa propela. Mtikisiko unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia ni wa pembe ya difu. Mgongano wa nyuma unaosikika ukipanda kilima kwa gia ya chini ni springi inayojikunja umbo la S kwa nguvu ya difu. Hutokea pale ulipolitoa lile bamba refu la pili kutoka juu. Lainisha springi kwa kupunguza mabamba ya chini, la pili liache.

Kilomita 50 za kwanza zikiisha, kaza yubolti upya. Rudia baada ya 500. Rangi mpya kati ya mabamba hukandamizika, na mkazo unapungua bila nati kuzunguka.

Ndipo uingie mawe, kwa kutambaa, upepo wa matairi ukiwa umepunguzwa. Paka grisi nyembamba kwenye fimbo ya shokapu kabla ya kuondoka. Ilipofutika inakuonyesha mwendo wake ulikofika. Ikifika mwisho kila mara kwa mwendo mdogo, springi ni laini mno au mpira wa kuzuia umekaa vibaya. Isipotumia hata nusu, bado ni ngumu. Kwenye vilima vya udongo upande wa Wete na Mkoani subiri mvua za masika kwa jaribio la mwisho. Tope linajaa kati ya shekeli na chesisi, na hapo utajua kama uliacha nafasi ya kutosha.

Ukirudi kutoka ufukweni, mimina maji baridi yasiyo na chumvi kati ya mabamba siku hiyo hiyo, chini ya gari na ndani ya mshikio wa shokapu, mpaka yatoke safi. Usipulizie oili chafu ya injini: inakula bushi za mpira na inashika mchanga. Kila miezi sita legeza bana, tanua mabamba kwa kabari ya mti, sugua kutu, piga rangi upya, na upime tena kimo cha pembe nne dhidi ya namba ulizoandika siku ya kwanza.